Mkate wa Zvonka

Basi la chama chetu cha wazee wa Kislovenia liliondoka Melbourne alfajiri, na hadi tunafika Bonegilla kiuno changu kilikuwa hakisemeki. Stanko, mwenyekiti wetu, alipiga kodiani njia nzima. Hivi mtu huyu hachoki?

Mimi nilikuja kwa jambo moja tu. Lojze, mume wangu, ameacha kunijua tangu majira ya baridi. Kila asubuhi ananiamkia kwa adabu zote, kisha ananiuliza mimi ni mama wa nani. Nikajisemea, nikimpeleka Bonegilla, kwenye kambi ya wahamiaji tulikokutana ujanani, huenda akanijua, hata kwa dakika moja. Nimechoka kuwa mgeni nyumbani kwangu.

Mabanda yapo vilevile. Lojze akayapita kama hayajui. Mchana tukaandaliwa nyama ya kondoo ya kuchemsha, eti kumbukumbu ya chakula cha kambini.

"Mungu wangu, harufu ileile!" nikasema.

"Kula, Zvonka, acha kudeka," Stanko akanicheka. "Uzee wote huu bado unachagua?"

Lojze aliposikia jina langu akachukua mkate wake, akaufunga kwenye leso, akautia mfukoni. Moyo ukanilipuka. Enzi zile ndivyo alivyofanya kila siku: kondoo hanipiti kooni, basi yeye ananifichia mkate.

"Lojze, wa nani huo?"

"Wa Zvonka. Yeye hali kondoo."

"Nipe basi. Si ndiyo mimi!"

Akaukumbatia mfuko kwa mikono miwili. "Mama, usinitanie. Zvonka ni msichana. Yuko banda la wanawake, na sisi wanaume haturuhusiwi kuingia."

Wenzetu mezani wakainamia sahani zao. Nilitaka kumtikisa, nipige kelele, lakini nguvu za kupiga kelele nizitoe wapi?

"Mimi naruhusiwa," nikamwambia. "Lete nimpelekee."

Akanikagua usoni kwanza, ndipo akanipa. "Usiumege njiani, mama. Hajala tangu asubuhi."

Nikavuka uwanja na magoti yangu haya mabovu, nikaingia banda la wanawake, nikakaa kwenye kitanda cha chuma, nikaula wote huku nalia. Niliporudi, alikuwa amesimama nje ananisubiri, kofia mkononi.

"Amekula?"

"Amekula wote. Anakushukuru sana."

"Hakusema kingine?"

"Amesema amechoka. Lakini anakungoja."

Akacheka kama kijana. "Mwambie kesho nitamletea mwingine."

Nikamjibu kwamba nitamwambia.