Kiputo cha Odessa

Odessa Tarwater hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa karakana kwa bega, maana vidole vyake havikunjuki vizuri tangu ule moto wa zamani, akaitupa kalamu ya mvuke, ile ya kuvutia mafuta ya bangi, juu ya meza ya Corwin.

"Umemvutisha dada yangu gesi!"

Corwin, mtoto wa kaka yake na mjazaji wa kalamu zao, alikuwa anakunywa kahawa. "Shangazi, tulia kwanza."

"Nitulie wapi? Verna amelazwa hospitali ya Eureka, mpira puani, mapafu meupe pe kwenye picha. Siku ya tatu wanampa dawa za nimonia, wapi! Daktari ananiuliza kavuta nini ili ajue amtibu vipi. Nami nimemwambia ni bangi ya shamba letu, imekamuliwa kwa joto na mgandamizo, hakuna kingine. Nimesema uongo, Corwin?"

"Gesi hamna humu. Naapa."

"Koma kuapa!"

Milima yote ya Humboldt, huku California, inajua kwa nini Odessa anaichukia gesi. Enzi za kujificha, kabla ya vibali vya kulima bangi, watu walikamua kwenye mabanda kwa makopo ya gesi ya kujazia viberiti. Gesi inapita kwenye maua, inazoa utomvu wote, haraka na kwa wingi, kisha inatandaa sakafuni kimyakimya. Siku hiyo jokofu lilijiwasha lenyewe, cheche moja tu, na banda likalipuka, likaondoka na ngozi ya mikono yake. Leo viwanda vinatumia mitambo iliyofungwa kila upande, na Corwin kamweleza hayo mara mia. Yeye hataki kusikia. Kuna na wale wanaokamua kwa hewa ukaa, ile ile ya kwenye soda. Hiyo hailipuki ovyo, ila harufu yote inapotea, na Odessa husema ukiivuta unavuta bangi iliyosahau jina lake.

Yeye ana njia yake. Maua yanakatwa alfajiri na kugandishwa yangali mabichi, yanaoshwa kwa maji ya barafu, na ule unga unaobaki kwenye chujio unabanwa kati ya mabamba ya moto. Unapata kidogo, lakini shamba lote limo ndani. Kwenye kila boksi kuna sura yake imechorwa, na chini yake maneno mawili: Bila Gesi.

Corwin naye alishapandwa na hasira. Akafungua droo, akapanga mezani vichupa vitatu vya kuchomeka kwenye kalamu. "Haya. Utomvu wa gesi, nimeununua kwa jirani. Wa hewa ukaa. Na wetu, boksi lile lile la shangazi Verna. Si wewe mwenye kipimo? Geuza!"

Kipimo ni chake kweli. Ndiye aliyewafundisha watu kwenye maonyesho ya mavuno: pindua kichupa, tazama kiputo cha hewa. Kikipanda mbio, mafuta yamezimuliwa. Kikijikokota, ni utomvu halisi. Siku hizi mpaka wateja wa Los Angeles wanapindua kabla ya kutoa pesa.

Akapindua wa gesi. Kiputo kikapanda. Akapindua wa hewa ukaa, kikapanda upesi zaidi. Akapindua wa kwao, akahesabu mpaka arobaini. Kiputo kimetulia tuli.

"Umeona?" Corwin akasema. "Niombe radhi."

Odessa alibaki na kichupa mkononi. Ulikuwa mwezi wa kumi, karakana haina moto, ubaridi unatafuna mifupa. Akakisogeza dirishani.

"Hiki tulikijaza lini?"

"Agosti."

"Utomvu wangu ukikaa wiki mbili kwenye baridi unatibuka, unafanya chenga kama asali ya mwaka jana. Huu mbona unang'aa hivi?"

Corwin akainua kikombe chake cha kahawa.

"Nakuuliza, we mtoto!"

"Utomvu ulikuwa unaziba kalamu, shangazi! Maboksi yalikuwa yanarudi. Nikaulainisha kwa manukato ya maua, kiputo kikaanza kukimbia, maduka yakakataa. Kila mtu anapindua! Nani kawafundisha? Basi nikatia cha kuunenepesha. Si sumu. Ni mafuta ya vitamini, haya haya unayopaka mikononi kila asubuhi."

Chupa ya mafuta hayo ilikuwa kwenye rafu. Odessa aliijua hata kabla ya kusoma karatasi yake.

"Ya kupaka!" Akaibana chupa kwa viganja viwili. "Ya kupaka, mjinga wee! Mtu anajipaka mafuta mapafuni? Ngozi ina nini na pafu lina nini? Bora ungetia gesi. Gesi ningeinusa!"

"Sikujua..."

"Hukujua, na hukuuliza, ukaweka uso wangu juu yake! Shika simu. Piga duka moja moja, wayatoe maboksi yetu yote rafuni sasa hivi. Ukiniambia kesho nakuvunja."

Corwin akashika simu. Odessa akatoa yake, akabonyeza kwa kifundo cha kidole kama alivyozoea.

"Daktari Halvorsen? Ni mimi, ndugu yake Verna. Nilikudanganya. Andika: mafuta ya vitamini, ya kupaka. Ameyavuta miezi miwili."

Daktari akaandika. Akasema ni vizuri ameambiwa, sasa wataacha kuhangaika na nimonia, wajaribu njia nyingine, ingawa siku tatu zimeshapotea. Kisha akauliza kama wanavyouliza siku zote, ili ajaze karatasi: kalamu hiyo mgonjwa aliipata kwa nani?

Odessa alimtazama Corwin, aliyekuwa akiwabembeleza watu wa duka la kwanza. Jina la kijana lilikuwa tayari mdomoni. Halafu akaikumbuka ile siku ya Agosti, Verna amekaa barazani na magoti yake mabovu, akisema yeye hana haja ya kupima, dada yake akishapima inatosha.

"Kwangu," akasema. "Nilipindua, nikahesabu mpaka arobaini, nikampa."