Anayekufa Aje Kitini

Mimi ni kinyozi, na hakuna aibu inayomkuta kinyozi kama kukaa kwenye kiti chake mwenyewe. Ukimwona amekalia kiti cha wateja anasoma gazeti la juzi, mpe pole, maana hali si shwari. Mimi nilikuwa nimekikalia changu mpaka nikajua upande gani kinabana.

Sababu ilikuwa ng'ambo ya barabara. Pale alikuwa amefungua saluni kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, kuanzia kushika chanuo hadi kuzungusha wembe nyuma ya sikio bila kumwaga damu ya mtu. Wateja walikuwa wakiniita mimi Fundi Mkubwa na yeye Fundi Mdogo, na jina hilo limemganda mpaka leo, ingawa saluni yake ina viti safu nzima na yangu ina viwili. Ana vioo ukutani kote, ana muziki, ana televisheni bapa pana kama mlango. Alipoondoka hakugombana na mtu. Aliaga vizuri, akashukuru, akavuka barabara. Wateja nao wakavuka.

Kilichonichoma ni ujumbe alionitumia baadaye kwa mdomo wa mteja: "Mwambie Fundi kiti kipo huku, akitaka." Kiti! Mimi nikanyoe kwake, nimepangwa pamoja na vijana aliowafundisha jana! Tangu siku hiyo hata salamu yake sikuipokea. Akipunga mkono kule, mimi najifanya nafuta kioo. Lakini usiku kitandani nilijua, na mke wangu alijua, kwamba mambo yakiendelea vile nitafunga mlango na kuvuka barabara kichwa chini kukiomba kiti hicho hicho.

Ndipo binti yangu akaleta gemu.

Binti huyu ni kitindamimba, yuko sekondari, na mdomo anao. Mama yake alimtuma alete sanduku lililo juu ya kabati, akarudi na kiboksi cha plastiki kilichojaa vumbi, nyaya zinaning'inia. Akakileta mpaka saluni amekishika kwa vidole viwili, kana kwamba ni panya aliyekufa.

"Baba, hiki kitu gani?"

"Gemu. Nilikuwa nacheza nilipokuwa na umri wako."

"Linachajiwa wapi?"

"Halichajiwi. Linachomekwa ukutani."

"Sasa ukitaka kutoka nalo?"

"Hutoki nalo. Unakaa."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayesimuliwa habari za vita. Nami sipendi kuhurumiwa na mtu ninayemnunulia viatu. Nikavuta televisheni yangu ya chogo iliyokuwa pale kwenye kona ikionyesha chenga, nikaunganisha nyaya, nikachomeka kaseti. Kioo kikabaki cheusi. Nikaichomoa kaseti, nikaipulizia kwa pumzi zote, nikairudisha, na muziki ukaanza kulia kwa sauti ya mbu aliyebanwa.

"Umelipulizia tu?" binti akauliza.

"Ndiyo."

"Na huo ndio ufundi wenyewe?"

"Ndio wote."

Gemu lenyewe lilikuwa la tarishi anayekimbizwa na mabata bukini. Amebeba mfuko wa barua mgongoni, anaruka mashimo, anaruka mabata, anatafuta daraja. Amechorwa kwa viboksi vichache tu, pua na kidole gumba ni saizi moja. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaomba ajaribu, na hakuinuka tena mpaka mama yake alipompigia simu.

Kesho yake akaja na wenzake wawili wa darasani. Mmoja tunamwita Miwani, sababu unaiona kabla hujamwona yeye. Mwingine ni Kidevu, kijana mwenye ndevu tatu, ambazo huzinyoa kila wiki akilalamika zinamsumbua. Kidevu alikwenda moja kwa moja hadi kwenye televisheni, akamwekea tarishi kidole mgongoni, akaanza kumsukuma.

"Mbona hasogei?"

"Toa mkono kwenye kioo changu," nikamwambia. "Shika rimoti."

"Hii rimoti mbona ina mkia?"

Miwani, ambaye ndiye msomi wao, alitaka kujua kwanza nywila ni ipi, halafu akataka kupunguza ukali wa mabata. Nikamwambia mabata hayapunguzwi. Akacheza. Akafika shimo la kwanza, lile lililo mbele ya nyumba ya tarishi, ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu analiona, akatumbukia.

"Sasa narudi vipi pale nilipokuwa?"

"Hurudi. Unaanza mwanzo."

"Mwanzo kabisa?"

"Mwanzo kabisa."

"Lakini linakumbuka nilipofika."

"Halikumbuki kitu. Halikujui hata jina."

Wakatazamana wote watatu. Nadhani maishani mwao hawajawahi kukutana na chombo kisichowajua. Simu zao zinawapongeza hata wakilala. "Huu ni ukatili," Miwani alisema, akaketi chini, akavuta rimoti kwake, akaanza mwanzo kabisa.

Habari zilisambaa upesi. Kufikia wiki iliyofuata saluni yangu ilikuwa imejaa vijana mpaka mlangoni, wamekaa sakafuni, kwenye ndoo, kwenye benchi, mmoja hata kwenye ngazi ya kubadilishia taa. Kwa kuwa mkia wa rimoti ni mfupi, walibanana mbele ya lile chogo bega kwa bega, wakipigiana kelele: "Ruka! Ruka! Bata! Bata huyo!" Ng'ambo ya barabara Fundi Mdogo alitoka nje, akasimama mlangoni kwake akitazama. Nami nikafuta kioo kwa raha zangu.

Furaha hiyo ilidumu hadi nilipogundua kwamba kiti changu bado kitupu. Nyumba imejaa vichwa, vichwa vimejaa nywele, na hakuna hata kimoja kilichonigeukia. Nikimwambia mmoja "Njoo basi nikunyoe," ananijibu bila kutazama, "Nipo kwenye zamu, Fundi." Mteja wa kweli akiingia, anakuta watu wamejaa, anadhani foleni ni ndefu, anakula kona. Nilikuwa nimejifukuzia wateja kwa mikono yangu, na umeme nalipa mimi.

Siku hiyo nilipandwa na hasira. Nikaenda nikasimama mbele ya televisheni nikiwa na mashine ya kunyolea mkononi, nikapaza sauti:

"Sikilizeni! Kuanzia leo, anayekufa aje kitini nimnyoe! Asiyetaka asiguse rimoti!"

Mama mmoja aliyekuwa akipita nje na kikapu chake akasimama. "Anayekufa umnyoe?"

"Ni gemu, mama."

"Gemu la namna gani hilo," akasema, akaenda zake akiguna.

Basi sheria ikashika. Yaani ilishika kuliko nilivyotarajia. Tarishi akitumbukia, mwenye rimoti anainuka, anampa mwenzake, anakuja kukaa. Binti yangu akajiteua mwamuzi. Akisikia ule mlio wa kufa, anasimama, anatangaza: "Marehemu anayefuata!" Na marehemu anakuja ananing'iniza kichwa, nami namfunga shuka shingoni namwambia, "Marehemu, kaa wima." Sijawahi kunyoa maiti wachangamfu kama wale.

Na watu wazima wakaanza kurudi. Kuna mwalimu mmoja wa hesabu, mtu wa haraka, aliingia akaelezwa sheria, akavua koti, akasema, "Nionyesheni shimo liko wapi." Akaonyeshwa. Akamtembeza tarishi mpaka shimoni bila kubonyeza kitu, akaja kukaa kabla muziki haujaisha. Baada ya hapo kila mwenye haraka alijifia mwenyewe pale kwenye shimo la kwanza, na hakuna aliyeona ajabu.

Shida ilikuwa kwa wasiokufa. Miwani alikuwa amelijua gemu lile kama chumba chake. Akishika rimoti, wengine wanapiga miayo. Nywele zikamjaa hadi mama yake akaja juu: "Fundi, mwanangu yuko hapa kila siku, mbona hanyolewi?"

"Hafi, mama. Nifanyeje?"

Kidevu, kwa upande wake, alikufa kila alipogusa. Zile ndevu tatu nilizinyoa zikiwa bado zinafikiria kuota.

Kazi ikarudi. Nilikuwa nasimama tangu mchana hadi jioni, miguu inaniuma, na nakuambia ukweli, maumivu ya miguu ni matamu ukiyakosa muda mrefu. Lakini kila nilipoinua macho nilimwona yule kijana ng'ambo amesimama mlangoni pake, na nilijiambia kwamba sasa roho inamuuma. Nilitaka sana imuume.

Alasiri moja akavuka barabara.

Aliingia amevaa kofia ya sufu, kwenye joto la kutoa jasho ukutani. Mabata tu ndiyo yaliyoendelea kulia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba," nikajibu, kwa sababu watoto walikuwa wananitazama.

Akamgeukia binti yangu, mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni enzi akijifunza kazi kwangu. "Naomba na mimi nicheze."

Binti akanitazama. Mimi nikatazama chanuo. Basi akampa rimoti, na Kidevu, ambaye hupenda kufundisha asichokiweza, akamwinamia. "Kaka, ukifika kwenye shimo, bonyeza hicho chekundu."

"Nimekiona," akasema.

Tarishi akatoka nyumbani kwake. Akatembea. Kidole cha Fundi Mdogo kilikuwa juu ya kile chekundu, nilikiona kwa macho yangu, na hakikushuka. Tarishi akaingia shimoni kama mtu anayeingia chumbani kwake kulala.

Safari hii binti hakutangaza marehemu. Alisema polepole tu, "Baba, kitini."

Akaja, akakaa, akavua kofia. Nami nilichokiona nyuma ya kichwa kile, jamani! Kulikuwa na ngazi. Kulikuwa na kidimbwi. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zinashuka na upande wa kulia zinapanda, na katikati zimeachwa zijiamulie.

"Nani kakufanya hivi?"

"Vijana wangu."

"Nani kawafundisha?"

"Mimi."

"Na wewe nani alikufundisha?"

Akaikunja kofia yake mapajani. Miwani akacheka puani, nikamkata jicho.

"Mbona hukuja mapema?" nikauliza.

"Ningekujaje, Fundi? Nikikupungia unafuta kioo. Kile kioo sasa kimebaki chembamba." Akaonyesha rimoti kwa kidevu. "Leo nimeona kuna njia. Mtu akifa tu, huwezi kumkataa."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaandaa kwa muda mrefu, mengine nilikuwa nimeyajaribu mbele ya kioo hicho hicho. Nikachagua moja. "Ulitaka nije nikunyolee wateja wako."

"Nilitaka uje tu. Kule kila ninachofanya wanasema sawa, Fundi. Hakuna wa kuniambia hapa umekosea, rudia."

Niliwasha mashine nikaanzia nyuma, kwenye zile ngazi, maana hasira yangu ilikuwa inapungua na sikutaka aione ikipungua. Kichwa chake nakijua. Kina kovu dogo karibu na kisogo, na nywele za pale huota kwa ukaidi, lazima uzifuate zinakotaka kwenda. Upande mmoja nikaumaliza. Ulikuwa mzuri, nasema mwenyewe.

Hapo ndipo Miwani, aliyekuwa ameipokea rimoti, akafa. Alikuwa amefika darajani, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika, lakini nadhani sikio lake lilikuwa kwetu badala ya kwenye mabata. Wote wakapiga ukelele. Binti akaruka juu: "Marehemu anayefuata! Jamani, Miwani amekufa! Miwani amekufa!" Mama yule wa kikapu, sijui huwa anapita saa ngapi, akachungulia dirishani akashika mdomo.

Miwani akasimama na msitu wake kichwani, akawa tayari kunyolewa, na hakuwa na pa kukaa. Mimi mikono yangu yote ilikuwa na kazi. Kiti cha pili nilikuwa nimekirundikia magazeti tangu kijana yule aondoke.

Fundi Mdogo aliangalia kile kirundo kwenye kioo. Kisha akainuka, shuka bado imefungwa shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine kama jalala, akayabeba magazeti yote akayaweka chini. Akapangusa kiti kwa kiganja. Akafungua droo, akatoa mashine ya akiba bila kuuliza iko wapi, akaipulizia.

"Marehemu, karibu," akasema.

Miwani alisita. Alimtazama juu, akamtazama pembeni, akarekebisha miwani yake.

"Kaka, samahani. Wewe ni fundi kweli? Mbona kichwa chako kipo hivyo?"

"Kaa," akajibu Fundi Mdogo, akimfunga shuka. "Fundi wangu bado hajanimaliza."

Watoto wakacheka, mmoja akaokota rimoti, na tarishi akatoka tena nyumbani kwake. Mimi niliinama kutafuta brashi chini ya meza, nikaitafuta muda mrefu, huku nimeishika mkononi.