Wateja wa Msumari

Fundi viatu mmoja, mtaani wakimwita Msumari, hakukosa wateja hata baada ya macho kuanza kumcheza shere. Siri alikuwa nayo mkewe, mshona nguo. Mama huyo alikopa kwenye ofisi ya mikopo midogo, akawapa majirani hela kimyakimya, nao wakaenda kuagiza viatu kwa mumewe. Mtaa mzima ukawa unachechemea. Kiatu cha mwenye duka kilimbana hivi kwamba mbwa walimpisha njia kwa huruma. Lakini Msumari aligonga huku anaimba, na mkewe hakutaka zaidi.

Mara ikaja sheria mpya: mkopeshaji awe na leseni, riba ibandikwe mlangoni, na mwenye ndoa asipewe hata senti mpaka mwenzake aketi naye, asomewe mkopo ni wa nini. Sheria nzuri, wengi walikuwa wakishtukia makochi yanabebwa kwa deni wasilolijua. Kwa mama huyu ikawa kitanzi.

"Andika ni mkopo wa vitambaa, mwanangu," alimbembeleza afisa mikopo.

"Mama, nikidanganya tunafungiwa ofisi."

Akarudi nyumbani. Wateja wakakauka, Msumari akanyamaza, chakula akawa anakichokoa tu. Mwisho mama akamshika mkono wakaenda ofisini.

"Madhumuni ya mkopo," afisa alisoma, akakohoa kikohozi cha bure, "kuwalipia wateja wa mume."

Mama akatazama sakafu.

"Wote?" Msumari aliuliza. "Hata mwenye duka?"

"Yule alidai nyongeza."

Afisa akajificha nyuma ya faili, mabega yakitikisika kwa kicheko. Msumari hakucheka.

"Umeninunulia heshima kwa riba, mke wangu?"

"Heshima unayo. Mimi nilikuwa nanunua zile nyimbo zako. Nyumba ikinyamaza naogopa."

Mzee akapangusa macho kwa kiganja, taratibu.

"Sikubali mkopo huu, binti," akamwambia afisa. "Ila nipe karatasi tupu na kalamu."

Akapiga magoti palepale ofisini, akamvua mkewe ndara zilizolika kisigino.

"Baba watoto, watu wanaona!"

"Waone. Mteja mkubwa kuliko wote, na sijawahi kumpima."

Akauweka mguu juu ya karatasi, akauzungushia kalamu kwa kupapasa, kidole kwa kidole.

"Usinibane kama mwenye duka."

"Ukibanwa, rudisha. Hela hurudishiwi."