Kifungu cha Ishirini na Mbili

Rahila alikuwa ametoka eda wiki tatu tu pale Usama alipokuja kumwambia kwamba duka la mkate si lake tena.

Hakulisema hivyo moja kwa moja. Alikuwa kijana mwenye adabu, kavaa shati la kijani la kampuni, na kabla ya neno jengine alimpa pole, akamwombea marehemu, akauliza hali za watoto. Ndipo akafungua mkoba, akatoa barua na kuiweka mezani, kando ya trei ya mikate ya boflo.

Duka hilo, pale Chake Chake jirani na msikiti, lilijengwa na Msellem, mumewe Rahila. Tanuri lake, milango yake. Lakini jina lililo juu ya mlango, Tanuri Jipya, ni la kampuni ya Unguja, na rangi ya kuta, na unga, na hata mashine ya risiti. Miaka sita nyuma Msellem alitia saini mkataba wa kulitumia jina hilo. Jina likiondoka, unga nao unaondoka, na Rahila anabaki na tanuri baridi.

"Mkataba unataka duka liwe wazi kila siku, saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku," alisema Usama. "Mashine inaonesha lilifungwa mara thelathini na moja ndani ya saa hizo. Zikizidi mara tatu, kampuni ina haki ya kuuvunja. Na mwenye duka letu la Gombani yuko tayari kulishika jina kwa mji mzima."

"Keshakiona kiti kitupu," alisema Mwanamize, wifi yake Rahila, aliyekuwa akipanga mikate kwenye kabati la kioo. "Hata hakijapoa."

"Nisomee hizo siku," alisema Rahila.

Usama akasoma. Tarehe kumi na nne Machi, saa nne mpaka saa saba.

"Mzee Nyange, fundi baiskeli. Alikuwa hapo mkabala."

Tarehe mbili Juni, alasiri.

"Bi Mwanawema. Mtaa huu wote kausomesha Kurani yeye."

Tarehe tisa Agosti.

"Mtoto wa Khairiya. Hakutimiza mwezi."

Usama akaendelea kusoma, sauti ikizidi kushuka, na Rahila akaendelea kumtajia. Hakusita hata mara moja. Mtaani kwao, kipaza sauti cha msikiti kikishatangaza msiba, kila duka hufungwa. Wanaume huenda kubeba jeneza, wanawake huenda kukaa na wafiwa. Hakuna anayeuliza saa ngapi.

Alipofika mstari wa mwisho, Usama aliinua macho kutoka kwenye orodha. Zilikuwa siku tatu mfululizo.

"Soma tu, mwanangu. Huyo ni Msellem."

Mwanamize aliweka chini mkate aliokuwa ameushika. "Yaani hata maziko ya mwenye duka mmeyahesabu?"

"Ni mashine, Bi. Mashine haijui."

"Na barua nayo kaiandika mashine?"

Usama akainama. Mwanamize hakumwacha. "Miaka sita mlikuwa mnaona. Yule mkaguzi wenu wa mwanzo, Jaribu, akija akakuta pamefungwa, naye anavua viatu anaingia msikitini kumsalia maiti pamoja na watu. Hamkusema kitu. Leo kafa mwenyewe ndio mmepata macho?"

"Ni kweli hatukusema," alijibu Usama polepole. "Ila kuna kifungu cha ishirini na mbili." Akautoa mkataba mkobani, akaufunua, akaugeuza waone. "Kampuni ikinyamazia kosa, haina maana imelisamehe. Haki yake iko pale pale, siku yoyote inaweza kuidai."

Mwanamize akamtazama wifi yake.

Rahila hakuutazama mkataba ule. Wa kwake, nakala aliyoiacha Msellem, aliujua. Miezi minne na siku kumi alikuwa nao chumbani, kwa kuwa Msellem aliutia saini kila ukurasa, na Rahila alitaka kuuona mwandiko wake. Kwanza aliangalia saini tu. Siku zilivyorefuka akaanza kusoma na yaliyo juu ya saini. Kufikia mwisho wa eda alikuwa ameyasoma yote, mara nyingi kuliko aliyeyaandika.

"Hukukisoma vizuri," alisema. "Hakisemi kampuni. Kinasema upande wowote utakaochelewa kudai haki yake hautahesabiwa kuwa umeiacha. Upande wowote ni nani na nani?"

"Kampuni... na mwenye duka."

"Basi na mimi nimo. Sasa nisomee kifungu cha nne."

Usama akafunua nyuma. Alisoma kimya, kisha akarudia kwa sauti: kampuni haitampa mtu mwengine jina hili ndani ya mji wa Chake Chake na viunga vyake, Gombani ikiwemo.

Mwanamize akacheka kidogo, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa akikitafuta tangu jana.

"Mwaka juzi mlifungua duka Gombani," alisema Rahila. "Msellem aliona. Nilimwambia aende akaseme. Akanambia, wale wananistahi kwenye maziko, nami niwastahi kwa hili. Alidhani mnastahiana. Kumbe mlikuwa mnamwekea hesabu tu. Haya, na yeye alikuwa anawawekea."

Usama akaomba ruhusa, akatoka barazani na simu yake. Alizungumza muda mrefu. Wateja watatu waliingia, wakahudumiwa, wakatoka. Aliporudi alikuwa amelegeza kola.

"Mkubwa anauliza unataka nini, Bi Rahila."

"Barua hiyo mwondoke nayo, na orodha yake. Mkataba uandikwe kwa jina langu. Na kufunga kwa maziko kuandikwe ndani ya mkataba, msije mkabadilisha mkaguzi tukaanza upya."

"Na Gombani?"

"Gombani leo siidai," alisema Rahila. "Lakini siiachi. Mwambie hivyo hivyo."

Usama akarudi barazani, na safari hii hakukawia. Mkubwa amekubali, nyongeza ya mkataba iandikwe leo, Unguja watapiga muhuri. Akaketi kitako kwenye kiti cha Msellem, akakumbuka maneno ya kiti kitupu, akainuka. Rahila akamwashiria akae. Mwanamize akamsogezea chai na kipande cha boflo, naye akaanza kuandika, huku akisoma kwa sauti: mwenye duka ataruhusiwa kufunga duka siku ya maziko, kuanzia saa...

Akainua kalamu. "Tuandike mpaka saa ngapi, Bi? Wao wanataka saa."

"Andika mpaka watu warudi kutoka makaburini."

Alifikiri kidogo, akaandika hivyo. Rahila akausoma mstari ule mara mbili, akachukua kalamu, akatia saini yake.