Uji wa Mahindi ya Mbegu

Njaa ya mwaka wa themanini na nne ilipobisha hodi kijijini Kanyangi, Ndunge alimpikia uji mke wa mwanawe, Syombua, peke yake, apate nguvu ya kushika mimba. Wengine walishindia mboga za porini. Haikupita wiki, Syombua akaanza kutapika kila asubuhi. Ndunge akapiga vigelegele: miaka saba, hatimaye mjukuu! Akaongeza kikombe.

Syombua alikuwa ameona siku zake, lakini angeanzia wapi kumwambia? Akanywa. Mikono ilipoanza kumtetemeka, akasema, “Mama, leo naenda kwa daktari.” Ndunge akamsindikiza na uji kwenye chupa.

Daktari akauliza uji ule ni wa nini.

“Mahindi ya mbegu,” Ndunge akajibu kwa majivuno. “Niliyaweka dawa ya kuua fukusi, wasiyatoboe, lakini huyaosha mara tatu.”

“Dawa hiyo haitoki kwa maji, mama. Ni sumu.”

Ndunge akaketi sakafuni. “Basi nimemuua mjukuu wangu.”

Syombua akaketi kando yake. Hakujua ni lipi lingemuumiza mama zaidi: kwamba alimuua mtoto, au kwamba hakukuwa na mtoto.