Wapukuchuaji wa Katumba

Gaudiose alikuwa anachambua maharage uani kwake, Katumba, mwanaume wa kwanza alipotokea ghafla kwenye benchi lililokuwa tupu. Alivaa shati la ofisini na soksi bila viatu, simu mkononi. Gaudiose akampa maji ya kunywa, kisha akamwita bintiye.

"Providence, una mgeni."

Providence alikuwa mhandisi wa maji aliyemaliza chuo akakosa ajira. Kwenye mtandao wa wataalamu, pale watu wanapotafuta kazi na kupeana pongezi, alikuwa ameweka vyeti vyake na picha moja, amevaa kofia ngumu kando ya kisima alichokisimamia kule Mishamo. Akaitazama simu yake. Ujumbe wa Claude wa Dar es Salaam ulikuwa ndiyo kwanza umeingia: "Mambo mrembo, umeolewa?"

"Ni wewe Claude wa Dar?" aliuliza.

"Ni mimi," Claude alisema, akiangalia soksi zake.

"Huku kwetu mtu hakai bure."

Akamsogezea gunia la mahindi. Claude alipukuchua mpaka jioni, ndipo akapanda bodaboda kwenda Mpanda kutafuta basi.

Wakaja wengine. Aliyeandika habari za kazi hakutokea. Ujumbe wake ulibaki kwenye simu, na Providence aliujibu kwa heshima. Wa "mrembo" na wa "nitumie picha nyingine" walitua kwenye benchi. Majirani walizoea, wakaanza kuleta magunia yao.

Kisha akatokea Abednego, mkurugenzi wa kampuni ya kuchimba visima ambako Providence alikuwa ameitwa kwenye usaili kesho yake. Alikuwa ameandika: "Kazi ni yako. Tuonane kwanza hotelini."

Gaudiose aliinuka, akafuta mikono kwenye kitenge. "Mwanangu, huyu ndiye mwenye kazi. Mwache akae tu."

"Mama, kaja kwa njia ileile ya wenzake."

Providence akalivuta gunia mwenyewe hadi miguuni pa mkurugenzi.

"Unajua unachopoteza?" Abednego aliuliza.

"Najua. Punje zinazoruka uziokote, kuku hawa ni wa jirani."

Abednego alipukuchua mpaka akatoka malengelenge vidoleni. Kesho yake Providence alifika kwenye usaili, mlinzi akamwambia jina lake halimo. Kazi akapewa mwingine.

Wiki iliyofuata Abednego aliweka andiko kwenye mtandao kuhusu kuwaheshimu wanawake kazini. Watu wengi wakampongeza, Claude akiwemo. Providence akaandika chini yake: "Shikamoo, mkurugenzi. Mahindi uliyopukuchua kwetu tumeshayasaga. Vidole vimepona?"

Maneno yake yakafutwa. Akayaandika upya. Yakafutwa tena.

Asubuhi benchi lilijaa wanaume waliomwandikia usiku ule, na mmoja alikuwa amesimama kwa kukosa nafasi. Providence aliwagawia magunia, akarudi kwenye simu. Alikuwa bado anayaandika upya maneno yale Gaudiose alipotoka kwenda kanisani kuazima benchi la pili.