Dawa ya Bibi Ida Imeua

Simu ya maandishi kutoka Dar es Salaam ilifika Liuli Jumatatu moja ya mwaka 1995. Bibi Ida, mganga wa mitishamba, alimpelekea jirani yake, mwalimu Hamphrey, amsomee. Mwalimu aliisoma kwa sauti, kisha akairudia kimyakimya.

"DAWA YAKO IMEUA. NAKUJA JUMATANO. RESTITUTA."

Restituta alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, binti wa kijiji cha Mkumbi. Miezi saba nyuma alikuja akachukua mfuko wa unga wa magome, ule ambao Bibi Ida alitibia vidonda sugu na tumbo. Alisema wataupima maabara waone nguvu yake.

"Imeua nani?" Bibi Ida aliuliza.

"Hajasema." Mwalimu alikunja karatasi taratibu. "Bibi, ile niliyokunywa jana ni hiyo hiyo?"

"Ni hiyo."

"Nilikunywa vikombe viwili."

Bibi Ida alimwangalia ulimi, akamgusa shingo. Hakuona kasoro, lakini moyo haukutulia. Mchana kutwa alizungukia wagonjwa wake kuhakikisha wangali hai. Wendelin, aliyekuwa kitandani wiki mbili akidai hawezi kushika jembe, alimkuta juu ya paa anaezeka banda la mbuzi. Katarina alikuwa anaanika dagaa, akataka kujua kwa nini bibi anamtazama vile. Wote wazima. Basi waliokufa, akawaza, ni watu wa Dar es Salaam, na huyo binti anakuja na polisi.

Jumatano asubuhi alifunga furushi, akaenda barabarani kungoja gari la Mbamba Bay, apate njia ya kwenda kwa dada yake Chiwanda. Mwalimu akamfuata na begi.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Ninakwenda na wewe, bibi. Nikizidiwa huku, nani atanipa dawa?"

"Dawa ipi, mwalimu?"

Mwalimu alihamishia begi bega la pili.

Pikapu ya kwanza kutokea ilikuwa ya mfanyabiashara wa mitumba, nayo ilitoka huko huko Mbamba Bay. Restituta alishuka kutoka juu ya marobota, peke yake, uso umejaa furaha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wamekufa wangapi?"

"Wote, bibi. Hakubaki hata mmoja."

Bibi Ida alikalia furushi lake. "Mmewazika wapi?"

"Hatuwaziki. Tunawachoma, halafu tunaosha visahani."

"Visahani?" mwalimu aliuliza.

Ikabidi Restituta aeleze. Waliokufa ni wadudu wa vidonda, wasioonekana kwa macho, wanaofugwa maabara kwenye visahani. Seli za saratani nazo zilikufa nyingi, ila zilikuwa ndani ya chupa, na chupa si mtu. Bibi asimwambie mgonjwa yeyote kwamba anatibu saratani. Na sasa aliomba mfuko mwingine wa kupima tena.

Bibi Ida hakugomba. Aliwarudisha nyumbani, akachemsha unga, akamimina kikombe.

"Mwanangu, wewe umeshaionja?"

"Bado, bibi."

"Miezi saba yote?"

Restituta alikunywa nusu, akafumba macho, machozi yakamtoka. Mwalimu Hamphrey, mwenye raha kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, alimshauri abane pua. Bibi Ida alisubiri mpaka kikombe kikaisha, ndipo akaingia ndani kuchukua mfuko.